Mizani na Kikombe cha Kahawa

Tarehe 27 Februari 1992, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, bibi wa miaka 79 alinunua kahawa ya senti 49 kwenye mgahawa wa McDonald's, kupitia dirisha la kuhudumia wenye magari. Usukani haukuwa mikononi mwake. Aliyeendesha ni mjukuu wake, naye alikuwa amekwisha kuegesha gari pembeni ili bibi atie sukari na maziwa. Gari lenyewe halikuwa na mahali pa kuwekea kikombe, kwa hiyo bibi alikibana kati ya magoti na kuvuta kifuniko. Kahawa yote ikammwagikia mapajani, suruali ikainyonya na kuishikilia kwenye ngozi. Alilazwa siku nane, akapandikizwa ngozi. Asilimia 6 ya ngozi yake ilikuwa imeungua hadi tabaka la ndani kabisa.

Nje ya New Mexico habari ilisimuliwa kwa ufupi zaidi: bibi kajimwagia kahawa, kaenda mahakamani, katoka milionea. Wachekeshaji wa televisheni waliipata bure. Wanasiasa wakaipandisha majukwaani. Kesi yake, Liebeck dhidi ya McDonald's, ikawa ushahidi wa kila aliyetaka kuonyesha kwamba Wamarekani wameacha kubeba mizigo yao, kwamba siku hizi mtu akijikwaa humtafuta mwenye jiwe amlipe.

Sheria ya madhara ni ile sehemu ya sheria inayompa aliyeumizwa haki ya kumdai fidia aliyemuumiza, hata kama hapakuwa na mkataba baina yao na hata kama polisi hawana habari. Kuibadilisha ili kesi zipungue na malipo yashuke ndiko kunakoitwa mageuzi ya sheria ya madhara, na jambo hilo limewagawa Wamarekani kwa nusu karne. Upande mmoja wamesimama madaktari, wenye viwanda na kampuni za bima. Upande wa pili mawakili wa wadai na watetezi wa walaji. Wa kwanza husema wajibu wa mtu binafsi umekufa. Wa pili hujibu kwamba mbele ya sheria kampuni nayo ni mtu, na wajibu wake haujafutwa.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba pande zote mbili zinaukubali wajibu. Wanachogombea ni mizani ya kuupimia. Je, ishikwe na raia walioketi mahakamani wakamsikiliza mwenye jeraha na mwenye kulaumiwa, au na bunge linaloandika kiwango kabla ajali haijatokea? Na mizani ikishakabidhiwa mmoja wao, hasara isiyopimwa inamwangukia nani?

Kahawa ile inafaa kuanza nayo, maana hesabu zake zinajulikana. Kabla ya kwenda mahakamani, familia iliiomba kampuni dola 20,000. Kampuni ilijibu kwa dola 800. Kesi ilipofunguliwa, sheria iliilazimisha kampuni kufungua makabati yake. Ndani mlikuwa na taarifa zaidi ya 700 za watu walioungua kati ya 1982 na 1992, na utaratibu uliowataka wafanyakazi waitunze kahawa kwenye nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Kinywaji cha moto namna hiyo huunguza ngozi hadi ndani kwa sekunde chache. Kampuni ilijitetea kwamba malalamiko 700 ni kitu kidogo mbele ya mabilioni ya vikombe vilivyouzwa, na kwamba wateja wenyewe hupenda kahawa moto.

Agosti 1994 jopo la raia 12 lilitoa uamuzi. Kwanza lilikadiria madhara: dola 200,000. Kisha likapima kosa. Asilimia 80 likaiwekea kampuni, asilimia 20 likamwekea bibi, na fidia yake ikashuka hadi dola 160,000. Juu yake jopo liliongeza fidia ya adhabu ya dola milioni 2.7, makisio ya mauzo ya kahawa ya kampuni kwa siku mbili. Jaji akaikata adhabu hiyo hadi dola 480,000, mara tatu ya fidia yenyewe, jumla ikawa dola 640,000. Baadaye pande mbili zilipatana kwa kiasi ambacho hakikutangazwa.

Katika hesabu zote hizo, ile milioni 2.7 ndiyo iliyosafiri dunia nzima. Ile asilimia 20 ilibaki Albuquerque. Na hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya wajibu wa mtu binafsi: jopo lilimwambia bibi kwamba kukibana kikombe magotini lilikuwa kosa lake, likamtoza dola 40,000.

Mizani ya asilimia ni kitu kipya katika sheria. Waswahili husema ajali haina kinga, na kwa muda mrefu mahakama za Kiingereza zilikaribia kusema hivyo hivyo. Mwaka 1809 zilisikiliza kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester. Mtu mmoja wa Derby, akikarabati nyumba yake, alikuwa ameweka boriti barabarani. Mpanda farasi aliyetoka kilabuni jioni akiwa kasi aliigonga, akaanguka, akaumia. Mwenye boriti alikosea, hilo halikubishaniwa. Lakini kwa kuwa mpanda farasi naye hakujihadhari, hakupata hata senti. Kosa dogo la aliyeumia lilifuta kosa lote la aliyemuumiza. Kanuni hiyo ilivuka bahari hadi Marekani, na katika karne ya 19 iliwafaa sana wenye reli na viwanda: mfanyakazi aliyekatwa vidole na mashine aliulizwa kwanza macho yake yalikuwa wapi.

Karne ya 20 iliilegeza sheria pande zote mbili za bahari. Mwaka 1916 mahakama ya New York ilisema mtengenezaji wa gari la Buick anawajibika kwa mnunuzi aliyeumia gurudumu lilipovunjika, ingawa gari lilinunuliwa kwa wakala. Mwaka 1932 ikaja ile kesi ya konokono ndani ya chupa ya bia ya tangawizi, Donoghue dhidi ya Stevenson, ambayo hakuna mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi wala Makerere anayehitimu bila kuisoma. Mwaka 1945 Uingereza ikaiacha kanuni ya boriti na kuruhusu lawama igawanywe. Ndiyo maana leo jaji wa Afrika Mashariki, lori na pikipiki zikigongana, anaweza kuandika kwamba dereva wa lori abebe asilimia 70 na wa pikipiki 30. Huku kwetu kesi hizo haziamuliwi na jopo. Jaji huangalia fidia zilizotolewa zamani kwa majeraha yanayofanana.

Wamarekani walichelewa. Mahakama ya Juu ya California iliipokea mizani ya asilimia Machi 1975, katika kesi ya Li dhidi ya Yellow Cab. Hadi leo Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia bado zimeshikilia kanuni ya boriti. Bibi wa Albuquerque angemwagikiwa katika mojawapo ya majimbo hayo, ile asilimia 20 yake ingetosha kumtoa mahakamani mikono mitupu.

Mwaka huo huo wa 1975, California hiyo hiyo, jambo la pili lilitokea. Bei ya bima ya madaktari ilikuwa imepanda kwa kishindo. Mwezi Mei madaktari wa usingizi kaskazini mwa jimbo waligoma na upasuaji ukasimama. Septemba gavana Jerry Brown alitia saini sheria inayojulikana kwa kifupi kama MICRA. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea zingeendelea kulipwa zote. Fidia ya maumivu na mateso iliwekewa ukomo wa dola 250,000, awe mgonjwa amepoteza kidole au macho yote mawili. Ndani ya miezi sita, jimbo moja likawa limewapa raia mizani na kuifungia kamba.

Wanaotaka mageuzi wana hoja, na ni dhuluma kuzipuuza. Katika miaka ya 1985 na 1986 bima ya dhima ilipanda au ikakosekana kabisa, hata halmashauri za miji zikafunga bembea na mabwawa ya kuogelea kwa kuogopa kesi. Chama cha Marekani cha Mageuzi ya Sheria ya Madhara kilizaliwa mwaka 1986 kutokana na hofu hiyo. Wakili wa mdai hulipwa akishinda tu, kwa kawaida theluthi moja ya fidia, na mpango huo unaomfungulia maskini mlango wa mahakama unaweza pia kumfanya wakili awawinde wateja.

Wapo waliowinda. Mwaka 2005 jaji wa shirikisho huko Texas, Janis Graham Jack, aliyewahi kuwa muuguzi, aliletewa madai ya watu wapatao 10,000 waliosema wanaugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mchanga. Alipodadisi aligundua kwamba zaidi ya 9,000 kati yao walikuwa wamethibitishiwa ugonjwa na madaktari 12 tu, wengine bila daktari kumgusa mgonjwa. Uuguzi wake ulimsaidia. Alieleza waziwazi kwamba ugonjwa huo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya fedha. Halafu ipo ile kesi ya suruali ya Washington, ambamo jaji mmoja wa masuala ya utawala aliidai familia ya madobi, wahamiaji kutoka Korea, dola milioni 54 kwa suruali aliyodai waliipoteza.

Lakini kesi hizo zote mbili zilikufa ndani ya mahakama. Jaji Jack aliyafichua madai ya mapafu kwa kuuliza maswali, na mwenye suruali alishindwa mwaka 2007, na muda wa cheo chake haukuhuishwa. Hata zile fidia za adhabu zilizotisha, wembe wa kuzipunguza ulitoka kwa majaji. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa adhabu ya dola milioni 2 aliyopewa mtu aliyeuziwa gari la BMW lililopakwa rangi upya kwa siri, hasara yenyewe ikiwa dola 4,000. Mwaka 2003, katika kesi ya State Farm, iliikataa adhabu ya dola milioni 145 juu ya fidia ya milioni 1, na kueleza kwamba ni nadra adhabu kuzidi mara tisa ya fidia.

Ukomo wa bunge hufanya kazi tofauti, maana haumuulizi mtu swali. Chukua wagonjwa wawili walioharibiwa na kosa lile lile la upasuaji, mmoja meneja wa benki wa miaka 40, mwingine mama wa nyumbani. Meneja atalipwa mishahara ya miaka 25 ambayo hataipata tena, na ukomo hautaigusa. Mama hana hati ya mshahara. Karibu kila alichopoteza, kutembea, kulala bila maumivu, kumbeba mwanawe, kinaingia katika lile fungu lenye ukomo. Mtoto mchanga na mzee aliyestaafu wako naye kwenye foleni. Na kwa kuwa theluthi ya wakili hukatwa humo humo, mawakili wengi huipiga hesabu kesi ya mama huyo na kuikataa kabla haijasajiliwa.

Texas iliweka ukomo kama huo mwaka 2003, kisha wapiga kura wakaridhia kwa tofauti ndogo ya kura kubadili katiba ya jimbo ili mahakama zisiutengue. Madai dhidi ya madaktari yalipungua sana, na bima yao ikashuka. Ahadi nyingine hazikutimia vizuri. Wasomi wa sheria na uchumi waliozichunguza takwimu za Texas hawakuona dalili kwamba matumizi ya matibabu yalipungua, wala kwamba madaktari waliongezeka kwa kasi kuliko awali. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2009 kwamba kifurushi kizima cha mageuzi, kikitumika nchi nzima, kingepunguza matumizi ya afya kwa nusu ya asilimia moja. Kwa nchi tajiri hiyo ni fedha ya maana, ila iko mbali na tiba iliyotangazwa majukwaani.

Wakati huo huo, waliodhaniwa kukimbilia mahakamani walikuwa wengi wao wamekaa nyumbani. Watafiti wa Harvard walipitia majalada zaidi ya 30,000 ya wagonjwa waliolazwa hospitali za New York mwaka 1984. Katika wale walioumizwa na uzembe wa kitabibu, waliofungua madai hawakufika asilimia 2. Taasisi ya Tiba ya Marekani nayo ilikadiria mwaka 1999 kwamba makosa ya hospitali huua watu kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka. Mtu anayezipanga takwimu hizi mbili bega kwa bega anaona kesi zisizofunguliwa zikiwa nyingi kuliko zilizofunguliwa bila sababu.

Hasara ya watu hao ilikwenda wapi? Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini kilichovuja kiko njiani na lazima kuna atakayekikanyaga. Fidia ikikosekana, jeraha halifutiki. Linahamia kwa mke anayeacha kazi ili amuuguze mumewe, kwa mtoto anayeacha chuo, kwa mfuko wa umma unaolipia matibabu ya maskini.

Hadithi ya tumbaku inaonyesha safari hiyo wazi kuliko zote. Kuanzia miaka ya 1950 wavutaji wa sigara na warithi wao walizishtaki kampuni, na kwa miongo minne kampuni zilijibu neno moja: alivuta kwa hiari yake. Mwaka 1988, katika kesi ya Cipollone dhidi ya Liggett, jopo la New Jersey lilipima na kumwekea mvutaji, ambaye saratani ilikuwa imekwisha kumuua, asilimia 80 ya lawama. Mume wake alipewa dola 400,000, nayo ikafutwa kwenye rufaa. Anayedai kwamba majopo ya Marekani hayajui wajibu wa mtu binafsi aanzie hapo. Kilichobadilisha mambo katika miaka ya 1990 ni nyaraka za ndani zilizoonyesha kampuni zilijua nini na lini, pamoja na mdai mpya. Mdai huyo hakuwa amevuta hata sigara moja: serikali za majimbo, zilizokuwa zikiwalipia wagonjwa. Novemba 1998 majimbo 46 yalipatana na kampuni kwa angalau dola bilioni 206 katika miaka 25. Mzigo ulikuwa umehamia kwa umma kimyakimya; kesi ndiyo iliyouita kwa jina lake.

Miaka minne baadaye vijana wa Bronx waliishtaki McDonald's kwa unene na maradhi yaliyoambatana nao. Bunge lilishtuka. Machi 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 276 dhidi ya 139, muswada uliobeba maneno wajibu binafsi katika jina lake, ili kuzikinga biashara za chakula na kesi za unene. Muswada haukupita Seneti, lakini majimbo zaidi ya 20 yalitunga sheria za namna hiyo. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba Jaji Robert Sweet alikuwa amekwisha kuyatupa madai ya awali ya vijana hao Januari 2003, akisema kwa maelezo marefu kwamba anayejua madhara ya kula kupita kiasi hawezi kuitaka sheria imlinde dhidi ya tumbo lake. Mizani ilikuwa imefanya kazi, tena mwaka mzima kabla ya bunge kuiwekea mlinzi.

Zipo nchi zilizotoka nje ya ugomvi huu kabisa. New Zealand, tangu tarehe 1 Aprili 1974, hulipia ajali za kila mtu kupitia mfuko wa taifa unaochangiwa na waajiri, wafanyakazi na wenye magari, na kwa kawaida aliyeumia hana ruhusa ya kumshtaki mtu kwa fidia ya jeraha. Aliyejimwagia kahawa Auckland hutibiwa bila kuulizwa kosa ni la nani. Mmarekani asiye na mfuko kama huo huiona kesi kuwa bima yake ya mwisho, na hapo ndipo ugomvi wa Marekani unapopata ukali wake.

Kenya ilichagua njia ya ukomo. Kampuni kadhaa za bima zilizokuwa zikiwakatia wenye matatu zilikuwa zimeelemewa na madai, na mwaka 2006 sheria ya bima ya magari ilirekebishwa ili kampuni isilipe zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Jaji bado anaweza kumpa abiria aliyevunjika uti wa mgongo zaidi ya hapo, lakini kinachozidi abiria mwenyewe anakitafuta kwa mwenye gari. Mwenye gari akiwa na matatu moja tu, tena ndiyo ile iliyopinduka, hukumu hubaki karatasi.

California nayo ilikaa na dola zake 250,000 kwa miaka 47. Thamani ya fedha ilishuka, ukomo haukusogea. Kufikia 2022 ungehitaji kuzidi dola milioni 1 ili ununue kilekile ulichonunua 1975. Mwaka huo mawakili wa wadai walikuwa tayari kulipeleka suala hilo kwa wapiga kura, na madaktari wakakubali kuketi mezani. Mwezi Mei gavana Gavin Newsom alitia saini mapatano. Januari 2023 ukomo ulianzia dola 350,000 kwa aliyeumia na 500,000 kwa aliyekufa, upande hatua kwa hatua kwa miaka 10 hadi 750,000 na milioni 1. Kuanzia 2034 utaongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka. Viwango hivyo vimekwisha kuandikwa, mwaka kwa mwaka, kwa ajili ya wagonjwa ambao baadhi yao hawajazaliwa.